Irabu Moja, Gesi Nyingine: Ethani katika Kemia, katika Maisha ya Kila Siku na katika Istilahi za Kiswahili

1. Utangulizi



Wataalamu wa lugha wana mazoea ya kuanza kazi ya istilahi baada ya wanasayansi kuondoka ukumbini. Orodha ya maneno huletwa mezani, kila neno hupewa kisawe chake, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Utaratibu huo una manufaa yake, lakini una kasoro moja kubwa: humfanya mwanaistilahi atazame neno mojamoja, ilhali katika sayansi neno aghalabu huishi ndani ya ukoo. Neno moja likitoholewa bila kuwaangalia ndugu zake, ukoo mzima huvurugika.

Mhadhara huu unachukua mfano mmoja tu, nao ni gesi iitwayo ethani. Kwanza unaeleza gesi hiyo ni nini na inafanya kazi gani katika maisha ya watu. Baada ya hapo unachunguza jinsi jina lake lilivyoundwa katika kemia, na mwisho unatazama jinsi jina hilo linavyoweza kuingia katika Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba katika ukoo wa ethani irabu moja ndiyo inayobeba maana. Kwa hiyo, namna ya kuitohoa irabu hiyo si suala la ladha ya mwandishi. Ni suala la usahihi wa sayansi, na mara nyingine la usalama wa watu.

2. Ethani ni nini?

Ethani ni kampaundi ya elementi mbili, kaboni na haidrojeni. Molekuli yake moja ina atomi 2 za kaboni na atomi 6 za haidrojeni, na fomula yake ni C2H6. Atomi ya kaboni inaweza kufananishwa na mtu mwenye mikono minne ambaye hatulii mpaka mikono yote imeshika kitu. Katika ethani, kila kaboni hutumia mkono mmoja kumshika mwenzake, na mitatu iliyobaki kushika haidrojeni. Hakuna mkono unaobaki wazi wala jozi inayoshikana mara mbili. Ndiyo maana ethani ni gesi tulivu, isiyoungana na vitu vingine kwa wepesi katika joto la kawaida.

Haina rangi wala harufu. Uzito wake unazidi kidogo ule wa hewa. Huchemka katika nyuzi 88.6 za Selsiasi chini ya sifuri, na kuganda katika nyuzi 183 hivi chini ya sifuri. Kwa hiyo duniani huonekana kama gesi, isipokuwa pale inapopozwa au kugandamizwa kwa nguvu. Katika Titani, mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali, mambo ni tofauti: baridi ya huko ni kali kiasi kwamba ethani ni kimiminika, na mwaka 2008 wanasayansi wa chombo cha Cassini walitangaza kuitambua ndani ya ziwa mojawapo la mwezi huo.

Historia ya kugunduliwa kwake ni historia ya kutotambulika. Mwaka 1834 Michael Faraday aliipata alipopitisha umeme katika myeyuko wa chumvi ya asidi ya siki, lakini hakujua kwamba ni kitu kipya. Kati ya mwaka 1847 na 1849 Hermann Kolbe na Edward Frankland waliitengeneza tena, nao wakadhani wamepata nusu ya molekuli hiyo iliyosimama peke yake. Kwa muda gesi hiyo ilikuwa na majina mawili, kana kwamba ni vitu viwili tofauti, kutegemea njia iliyotumika kuitengeneza. Mwaka 1864 Carl Schorlemmer alithibitisha kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja. Mwaka huohuo Edmund Ronalds aliikuta ndani ya mafuta ghafi ya Pennsylvania, Marekani. Tangu mwanzo, basi, ethani imesumbuliwa na jina lake.

3. Ethani katika maisha ya kila siku

Mtu anaweza kuishi miaka mingi bila kulisikia jina la ethani, na bado akaigusa kila siku. Makao yake makuu ni gesi asilia. Sehemu kubwa ya gesi asilia ni methani, ambayo ina kaboni moja. Ethani huja nyuma yake, na kiasi chake hutofautiana kutoka kisima hadi kisima, tangu chini ya asilimia 1 hadi zaidi ya asilimia 6. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika kibiashara mwaka 2004, ni ya aina iitwayo gesi kavu: zaidi ya asilimia 95 ni methani, na ethani ni kidogo mno. Ieleweke pia kwamba mtungi wa gesi ya kupikia hautegemei ethani. Gesi ya mtungini kwa kawaida ni propani na butani, ndugu wakubwa wa ethani wenye kaboni 3 na 4, ambao hugeuka kimiminika kwa mgandamizo mdogo zaidi.

Inapoachwa ndani ya gesi asilia, ethani huungua pamoja nayo. Molekuli 2 za ethani hutumia molekuli 7 za oksijeni na kutoa molekuli 4 za dioksidi ya kaboni na 6 za maji. Kwa ujazo uleule, hutoa joto linalokaribia mara moja na robo tatu ya lile la methani. Hata hivyo, kuichoma si matumizi yake yenye thamani kubwa. Thamani yake iko katika kuvunjwa.

Kiwandani, ethani huchanganywa na mvuke wa maji na kupitishwa ndani ya mabomba yenye joto la nyuzi 850 hivi za Selsiasi kwa muda usiotimia sekunde moja au unaoizidi kidogo tu. Katika joto hilo, molekuli hupoteza atomi 2 za haidrojeni. Kaboni mbili zilizoachwa na mkono mmoja mmoja wazi hushikana kwa mikono hiyo pia, na kinachozaliwa ni gesi nyingine, C2H4, ambayo kaboni zake zimefungwa kwa vifungo viwili. Gesi hiyo ni etheni. Viwanda vya namna hii vimejengwa kwa wingi katika nchi zenye ethani nyingi, zikiwemo za Ghuba na Marekani. Tangu mwaka 2016 ethani ya Marekani imekuwa ikipozwa hadi kuwa kimiminika na kuvushwa Atlantiki kwa meli hadi Norwe na Uskoti, si kwa ajili ya kuchomwa, bali kwa ajili ya kugeuzwa etheni.

Kutokana na etheni hupatikana vitu vilivyojaa majumbani. Molekuli zake zikiunganishwa kwa maelfu katika mnyororo, hutoka plastiki ya politheni, iliyogunduliwa kwa bahati mwaka 1933 huko Winnington, Uingereza. Madumu ya maji, ndoo, mabomba meusi ya maji, maganda ya nyaya za umeme na mifuko laini ya sokoni, vyote vina asili hiyo. Etheni huingia pia katika utengenezaji wa mabomba magumu ya plastiki, nguo za polista na chupa za maji ya kunywa. Plastiki hizi haziozi kwa wepesi, na sheria zimezifuata: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019.

Mfuko huo una somo kwa wanaistilahi. Watanzania wengi waliuita “mfuko wa nailoni” au “rambo”. Jina la pili halina madhara, kwa kuwa halidai chochote kuhusu kemia. Jina la kwanza linadai, na linakosea: nailoni ni plastiki ya aina nyingine kabisa. Sokoni kosa hilo halimdhuru mtu. Darasani na kiwandani hali ni tofauti.

4. Ukoo na irabu zake

Katikati ya karne ya 19 majina ya kemia yalikuwa yamezagaa. Gesi moja iliitwa kwa mahali ilipopatikana, nyingine kwa aliyeipata, nyingine kwa kile kilichodhaniwa kuwa ndani yake. Mwaka 1866 mwanakemia Mjerumani August Wilhelm von Hofmann alipendekeza utaratibu ambao mwanaisimu yeyote angeufurahia. Alichukua mzizi unaoonyesha idadi ya kaboni, kisha akabadilisha irabu ya kiambishi tamati kwa kufuata mpangilio wa alfabeti: a, e, i, o, u. Kadiri haidrojeni zinavyopungua mbilimbili, ndivyo irabu inavyosogea. Penye haidrojeni nyingi kuliko zote iwe a, zikipungua mbili iwe e, zikipungua nne iwe i, na kuendelea.

Mkutano wa kimataifa wa Geneva wa mwaka 1892 ulizikubali irabu tatu za mwanzo. Baadaye, katika tahajia ya Kiingereza, irabu ya tatu iliandikwa kwa herufi y ili isigongane na majina ya vitu vingine yaliyoishia vivyo hivyo. Msingi wa mfumo, lakini, umebaki uleule hadi leo. Irabu a humaanisha kwamba kaboni zote zimefungwa kwa kifungo kimoja kimoja; e, kwamba mahali fulani pana vifungo viwili; na ile ya tatu, kwamba pana vifungo vitatu.

Tofauti zinazobebwa na irabu hizo si ndogo. Ethani ni tulivu. Etheni ni nyepesi kuungana na vitu vingine, na zaidi ya hapo ni homoni ya mimea. Mwaka 1901 Dimitri Neljubov alionyesha kwamba etheni iliyokuwamo katika gesi ya taa ndiyo iliyopotosha ukuaji wa miche ya njegere, na mwaka 1934 Richard Gane akathibitisha kwamba matunda yanayoiva huitoa yenyewe. Mkulima anayevundika ndizi shimoni kwa moshi, au mama anayezifunga pamoja na tunda lililokwisha kuiva, anatumia etheni bila kuitaja. Angezifungia ndani ya ethani, zisingeiva kwa sababu hiyo. Ndugu wa tatu, mwenye vifungo vitatu, ndiye asetilini ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Gesi hiyo inaweza kulipuka kwa mgandamizo tu, hata pasipo hewa, na kwa sababu hiyo huhifadhiwa ikiwa imeyeyushwa katika asetoni ndani ya mtungi maalumu.

Hata kuwaka kwao kunatofautiana. Ethani huwaka hewani ikiwa kati ya asilimia 3 na 12.5 hivi, etheni kati ya 2.7 na 36 hivi. Asetilini huanzia 2.5 na kupita 80. Anayesoma jina moja akidhani ni jingine anakosea masharti yote ya usalama yanayofuatana nalo.

5. Kutohoa kwa sikio na kutohoa kwa jicho

Kiswahili kimezoea kutohoa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya sikio: neno huandikwa jinsi msemaji wa Kiingereza anavyolitamka. Ndivyo ilivyopatikana haidrojeni, na ndivyo ilivyopatikana kabonidayoksaidi ya vitabu vya shule. Njia ya pili ni ya jicho: herufi za neno huchukuliwa kama zilivyo na kusomwa Kiswahili. Ndivyo zilivyopatikana oksijeni na dioksidi. Zipo pia istilahi zilizoundwa kutoka ndani ya lugha, kama hewaukaa, inayotokana na makaa. Njia zote hizi zimeishi pamoja, hata katika kazi za taasisi zilezile, na kwa maneno mengi mchanganyiko huo haujaleta hasara. Haidrojeni ikiandikwa hidrojeni, msomaji bado anajua kinachotajwa.

Katika ukoo wa ethani mambo hubadilika. Kiingereza hutamka irabu a ya jina hili kwa sauti inayokaribia “ei”, ambayo sikio la Mswahili huipokea kama e. Mwenye kutohoa kwa sikio ataandika “etheni” au “itheni”, akikusudia gesi yenye haidrojeni 6. Mwenye kutohoa kwa jicho naye ataandika “etheni” akikusudia gesi yenye haidrojeni 4. Neno ni moja, gesi ni mbili. Vivyo hivyo “propeni” ya sikio ni gesi ya mtungi wa kupikia, ilhali “propeni” ya jicho ni malighafi ya plastiki ya magunia yanayofumwa. Vilevile “ithini” ya sikio ni gesi ya kuivishia ndizi, na “ethini” ya jicho ni gesi ya kuchomelea vyuma.

Haya si maneno mawili ya kitu kimoja, hali ambayo lugha huivumilia. Ni neno moja kwa vitu viwili vya jamii moja, vinavyotajwa katika sentensi moja. Chukuliwe sentensi inayoeleza kazi ya kiwanda: “Ethani huvunjwa ili kupata etheni.” Mwandishi wa jicho ameeleza tendo la kemia. Mwandishi wa sikio, akibakia na njia yake, atalazimika kuandika kwamba etheni huvunjwa ili kupata ethini, na msomaji wa kwanza ataelewa kwamba kinachoelezwa ni utengenezaji wa asetilini. Sentensi zote mbili zina sarufi safi, na hakuna mhariri wa lugha atakayezitilia alama nyekundu.

6. Hoja kutoka ndani ya Kiswahili

Inapendekezwa hapa kwamba ukoo huu utoholewe kwa jicho, wote kwa pamoja: methani, ethani, propani, butani, etheni, propeni, buteni, ethini, propini. Hoja za pendekezo hili hazitoki katika kemia peke yake.

Kwanza ni mkazo. Kiswahili huongeza irabu i mwishoni mwa maneno haya, kwa kuwa silabi zake hupenda kuishia kwa irabu. Nyongeza hiyo husukuma irabu ya Hofmann hadi silabi ya pili kutoka mwisho, mahali hasa ambapo mkazo wa Kiswahili huangukia. Msemaji atatamka e-THA-ni, e-THE-ni, e-THI-ni, na nguvu ya sauti itaangukia pale penye maana. Kiingereza hakina bahati hiyo. Mkazo wake katika maneno haya huangukia silabi ya kwanza, ambayo haitofautishi chochote.

Pili ni irabu zenyewe. Kiswahili kina irabu tano, kila moja ina sauti moja, na ni zilezile tano alizozipanga Hofmann. Mfumo uliobuniwa kwa herufi za Kilatini hukaa katika Kiswahili kwa utulivu kuliko unavyokaa katika Kiingereza, ambako sauti za irabu hizo zimehama mbali na herufi zake. Hata msemaji anayetamka th kama s, akasema samani badala ya thamani, bado ataitunza tofauti, kwa sababu haimo katika konsonanti.

Tatu ni maneno yaliyokwisha kuingia. Ethanoli limezoeleka, hasa tangu mwaka 2020 wakati vitakasa mikono vilipoenea. Jina hilo ni ethani iliyoongezewa kiambishi cha alkoholi, na limetoholewa kwa jicho. Anayeandika “etheni” kwa maana ya ethani anamkata ethanoli na mzazi wake, na mwanafunzi hawezi tena kuona kwa nini majina hayo mawili yanafanana.

7. Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la mwalimu. Nchini Tanzania mwanafunzi husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi, kisha hukutana na Kiingereza sekondari. Kesho atasikia “itheni” kinywani mwa mwalimu. Je, ethani haitamchanganya? Jibu ni kwamba mwanafunzi huyo hupimwa kwa maandishi, na katika maandishi herufi ya Kiingereza ni a. Umbo la jicho ndilo linalomvusha. Umbo la sikio ndilo linalomwacha njia panda. Aidha, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka nia ya kutumia Kiswahili katika ngazi zote. Nia hiyo, itekelezwe lini au vipi, haiwezi kusimama juu ya istilahi zinazogongana.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kiishio -ini kina wageni wengi: klorini, bromini, hata amini, ambalo kwa Kiswahili lina maana yake ya zamani. Hapa ukweli ukubaliwe: mfumo huu hauna usafi kamili, kama usivyokuwa nao katika Kiingereza, kilicholazimika kubadili herufi. Njia ya busara ni kuliacha neno asetilini liendelee kutumika kwa mafundi na katika lebo za mitungi, na ethini libaki katika jedwali la ukoo, mahali ambapo ndugu zake wako karibu kulifafanua.

Pingamizi la tatu husema kwamba kamusi zimekwisha kuandikwa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990, na kazi yake ni ya kuheshimiwa. Lakini kamusi ya istilahi si kaburi la maneno. Inapofanyiwa marekebisho, ipangwe pia kwa koo, si kwa alfabeti peke yake. Mpangilio wa alfabeti humwonyesha mhariri neno moja baada ya jingine. Mpangilio wa ukoo humwonyesha mahali ambapo maneno mawili yamekalia kiti kimoja.

8. Hitimisho

Gesi hii ilipatikana mwaka 1834 pasipo kutambuliwa, na ikakaa miaka thelathini ikibeba majina mawili mpaka Schorlemmer alipoonyesha kwamba vitu vinavyotajwa ni kimoja. Kiswahili kinakabiliwa na tatizo hilohilo likiwa limegeuzwa: jina moja linaloelekea kubebwa na gesi mbili. Dawa yake haihitaji maabara. Inahitaji kamati ya istilahi ikae pamoja na mwanakemia meza moja, kwa wakati mmoja, na iliweke jedwali lote mbele yake kabla ya kuidhinisha neno la kwanza.

Kwa wanafunzi wa isimu waliomo ukumbini, ethani ni kazi ya mfano. Zipo koo nyingine zinazosubiri: majina ya asidi na chumvi zake, majina ya sukari, majina ya dawa. Katika kila mojawapo, silabi ndogo inabeba habari kubwa. Kazi ya kwanza ya mwanaistilahi ni kuitafuta silabi hiyo na kuilinda. Kulipendezesha neno ni kazi ya baadaye.